Njugu Inayosafisha

Bi Amparo alipokea kutapika kwake kama habari njema. Alitoka chooni ameshika ukuta, akajifuta mdomo kwa ncha ya aproni, akajibwaga kwenye kiti cha plastiki jikoni na kumwambia binti yake aache uso wa msibani.

"Ni uchafu unatoka," alisema. "Umekaa humu ndani miaka. Ulitaka utoke ukiimba?"

Nereida alikuwa amefika Atlixco, mji mdogo wa Meksiko, Jumamosi hiyo kwa basi la kutoka Puebla, ambako alifundisha hesabu katika shule ya sekondari. Kilichomleta ni goti. Mama yake alikuwa amepiga magoti maisha yake yote kwenye udongo wa kitalu, akipanda miche ya maua ya kuuza, na sasa goti la kulia lilikuwa halikunjiki vizuri wala halinyooki. Daktari wa mifupa alisema litabadilishwa, lakini hampasui mtu mwenye uzito ule, apungue kwanza. Jumatatu angepimwa. Akizidi kiwango angerudishwa mwisho wa foleni, na foleni ya magoti katika hospitali ya serikali huhesabiwa kwa miaka.

Nereida alitegemea kumkuta mama yake akila dungusi la kuchoma bila tortilla, chapati yao ya mahindi, na kumlaumu kila mtu. Alimkuta amepungua kweli. Blauzi ilimning'inia mabegani. Lakini midomo yake ilikuwa na rangi ya jivu. Alikunywa funda moja la maji. Kisha akaitazama taa ya jikoni kwa muda mrefu.

"Umebadilisha balbu?" aliuliza.

"Mimi nimeingia sasa hivi, mama."

"Ina duara la njano. Kila kitu leo kina njano pembeni." Akafumba macho. "Ni macho tu. Nayo yanasafishwa."

"Yanasafishwa na nini?"

Bi Amparo alinyoosha mkono juu ya friji bila kuangalia, kama mtu anayechukua chumvi, akaweka mezani kimfuko cha nailoni. Ndani yake mlikuwa na viini vya mbegu, vyeupe vinavyoelekea manjano, bapa kidogo, vimeshamenywa. Vingine vilikuwa vimekatwa vipande vidogo kwa kisu na kufungwa ndani ya karatasi laini.

"Njugu ya India," alisema. "Moja unaigawa mara nane. Kipande kimoja kila siku. Mafuta yanayeyuka yenyewe."

Kwenye kimfuko palikuwa na karatasi ya rangi yenye picha ya mwanamke mwembamba aliyevaa suruali kubwa ya zamani, akiivuta mbele kuonyesha nafasi iliyobaki. Juu pameandikwa kwamba ni kitu asilia kwa asilimia mia. Chini, kwa herufi ndogo, palikuwa na maneno ambayo sheria huyataka kwenye bidhaa za namna hii: bidhaa hii si dawa, matumizi yake ni wajibu wa anayeipendekeza na anayeitumia. Nereida aliigeuza karatasi. Hapakuwa na jina la kiwanda, anwani, wala tarehe.

"Mama, nani kakupa hiki?"

"Usianze. Sikukurupuka. Wewe mwenyewe huniambia kila siku, usiamini mdomo mmoja. Basi nimeuliza watu watatu. Chona, Otilia wa kwaya, na yule muuza mitishamba wa sokoni, ambaye baba yake aliuza palepale na babu yake vilevile. Wote watatu wamesema jambo moja. Hata namna ya kuikata wamesema sawasawa. Sasa we unataka mashahidi wangapi?"

Lilikuwa swali la haki. Nereida alishika kifundo cha mkono wa mama yake, akijifanya anamfariji, akatafuta mshipa. Mapigo yalikuja polepole. Yakaja, yakaja, kisha yakakatika, kama mtu aliyesahau alichokuwa akisema katikati ya sentensi, halafu yakaendelea. Alijaribu kujiambia kwamba amekosea kuweka kidole. Akakihamisha. Ikawa vilevile.

Mlango wa nyuma ulisukumwa na mguu. Aliyeingia ni Chona, jirani na rafiki wa Bi Amparo tangu usichana wao, mikono yote miwili imeshika sufuria ya mchuzi wa kuku. Miezi michache nyuma Chona alikuwa akipita mlango ule kwa upande. Sasa alikuwa na kiuno.

"Mwalimu kaja," alisema. "Ficheni madaftari."

"Shikamoo, mama Chona."

"Marahaba, mwanangu. Mbona umemshika mama yako mkono kama unamposa?"

"Mapigo yake hayaendi sawa."

"Yangu yalikuwa hivyohivyo. Mwanzoni nilitapika mpaka nikadhani nimepata mimba ya uzeeni." Aliweka sufuria, akajigeuza taratibu katikati ya jikoni, mikono juu ya kichwa. "Haya niangalie. We unatafuta karatasi za nini, na mtu mzima amesimama mbele yako?"

Bi Amparo alicheka, kicheko kikageuka kikohozi, akashika ukingo wa meza.

"Wewe ulisikia wapi, mama Chona?" Nereida aliuliza. "Mara ya kwanza kabisa."

"Binamu yangu wa Tehuacán kanitumia sauti. Ngoja uisikie, yule mama anaeleza vizuri, si kama madaktari wanaoongea nawe huku wanaandika." Alitoa simu mfukoni mwa aproni.

Sauti ilikuwa ya mwanamke mtulivu, mpole, asiye na haraka. Hakutaja jina lake. Alisema njugu halisi utaitambua kwa uchungu wake. Ile ya bandia haina ladha. Ukitapika, alisema, furahi. Ukiharisha, furahi zaidi, maana mwili unafukuza yaliyolundikana. Baada ya kuzoea unaweza kuongeza kidogo. Na katika siku hizo za kusafishwa usiende kwa daktari, kwa sababu atakupa vidonge vya kuzuia, na sumu itarudi ndani.

Nereida aliomba isikilizwe tena. Aliisikiliza jinsi anavyosoma jibu la mwanafunzi ambalo limepata namba sahihi kwa njia asiyoielewa. Ujumbe ule ulikuwa umeziba kila mlango. Dalili zozote ambazo zingemwonya mtu, ulikuwa umeshazitaja mapema na kuziita mafanikio. Na mtu mmoja ambaye angeweza kusema vingine, ulikuwa umekataza aendewe.

"Na Bi Otilia?" aliuliza. "Yeye alipata wapi?"

"Kwangu. Nilimrushia kundi zima la kwaya."

"Na muuza mitishamba?"

"Huyo?" Chona alikaa, akafunua sufuria kuangalia kama imepoa. "Huyo alikuwa nazo lakini hajui zinaliwaje. Mimi ndiye niliyempelekea sauti. Sasa anawasikilizisha wateja wote, anajifanya ni elimu ya babu yake. Hata shukrani hana."

Nereida alimtazama mama yake. Bi Amparo alikuwa ameelewa. Hilo lilionekana usoni, na lilionekana pia kwamba hakutaka kuelewa.

"Kwa hiyo wote waongo," alisema.

"Hakuna aliyedanganya, mama. Ila hukuuliza watu watatu. Umeuliza mtu mmoja mara tatu, na huyo mmoja hatumjui jina."

"Namba zake hizo," Chona alimwambia Bi Amparo. "Wewe na mimi ni mmoja, na mwenye sauti naye mmoja. Kaa hapo, jioni tutakuwa sifuri."

"Mama Chona, hizi za kwenye kimfuko ndizo ulizokuwa unakula tangu mwanzo?"

"Hapana, zile ziliisha. Zile zilikuwa kubwa, zina mafuta, hazina hata ladha. Hizi muuza mitishamba kaja nazo wiki hii. Tumegawana mimi na mama yako. Hizi ni chungu, yani chungu ya kweli, unatema mate nusu saa. Hizi ndizo zenyewe sasa."

"Na mama alianza kutapika lini?"

Chona alifunika sufuria.

"Mimi nimeonja kipande jana tu, na tumbo limenikoroga kidogo," alisema hatimaye, kwa sauti isiyo na utani. "Nimefurahi. Leo nitaongeza. Naila jioni nikishafunga banda la miche." Alisimama, akakung'uta aproni. "Jumamosi ni siku ya wateja, siwezi kukaa kufanya mtihani. Amparo, kunywa mchuzi, usimsikilize huyu mpaka ushibe."

Alipoondoka, Nereida alisoma kwenye simu yake akiwa amesimama, mgongo kwenye sinki. Haikumchukua muda. Ofisi ya afya ya serikali ilikuwa imeshatoa onyo miaka mingi nyuma. Njugu ya India yenyewe haikuruhusiwa kuuzwa, na mara nyingi kilichouzwa kwa jina hilo kilikuwa kitu kingine kabisa: mbegu ya kichaka cha maua ya njano kinachoitwa kiwiko cha mtawa, ambayo husimamisha moyo. Alilisoma onyo hilo kwa sauti, neno kwa neno, bila kuongeza la kwake.

Bi Amparo alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akatabasamu kwa mara ya kwanza tangu atoke chooni, na tabasamu hilo lilimtisha Nereida kuliko rangi ya midomo.

"Kiwiko cha mtawa? Mwanangu, hicho ninakiotesha mimi. Kipo pale nyuma kwenye tangi la maji, kimenizidi urefu. Nimekiuza kwa nusu ya nyua za mji huu, na kila mteja ninamwambia asikipande karibu na mbuzi wala watoto. Kama kuna mtu anakijua kiwiko cha mtawa ni mimi. Kokwa lake ni la kahawia, gumu kama jiwe, lina pembe tatu kama kofia ya padri. Hiki ni cheupe. Huyo aliyeandika hapo hajawahi kushika udongo."

"Twende hospitali, mama. Wapime moyo tu."

"Ndiyo, na waandike. Wakishaandika neno moyo kwenye faili langu, nani atanipasua goti? Daktari wa mifupa atasoma, atasema, mama, moyo wako hauwezi usingizi wa dawa. Nitatambaa mpaka nife. Ni siku mbili tu zimebaki, Nereida. Nipimwe, nipite, halafu nitaacha. Naapa."

"Na moyo ukisimama kabla ya Jumatatu?"

"Hausimami. Unasafishwa."

Aliinuka kwenda kulala, akashindwa kufika mlangoni. Alikaa juu ya kreti la soda, akainamisha kichwa katikati ya magoti, na jasho likamdondoka kwenye vigae. Nereida alimwekea kitambaa cha maji shingoni. Angeweza kuita gari la wagonjwa. Mama yake angekataa kupanda, na wangekuwa na haki ya kumwacha. Onyo la serikali halikumgusa. Halikuwa na uso, halikuwa na kiuno kilichopungua. Lilikuwa maandishi ya mtu asiyeshika udongo.

"Mama. Lile kokwa umewahi kulipasua?"

"Nilipasue kwa nini?" Sauti ilitoka chini, imechoka. "Kokwa linazikwa zima. Ukilipasua halioti."

Nereida alitoka nyuma. Alipita safu za miche ya maua ya Krismasi katika mifuko myeusi, mpaka kwenye tangi. Kichaka kilikuwa palepale alipokijua tangu utotoni, majani membamba, maua ya njano yanayoangalia chini. Chini yake makokwa yalikuwa yametapakaa, mengine bado na ganda la kijani lililooza. Aliokota machache, akayaosha bombani, akaosha na mikono yake vizuri. Alichukua mchi wa jiwe wa kusagia pilipili, akayapasua kwenye ngazi ya saruji. La kwanza lilisagika lote. La pili lilifunguka vizuri.

Alirudi jikoni, akaweka viini vilivyotoka humo kwenye sahani nyeupe. Pembeni yake akaweka kiini kimoja kutoka kwenye kimfuko. Hakusema kipi ni kipi. Alijua kwamba kufanana kwa macho si uthibitisho; mbegu nyingi hufanana, na shuleni asingemkubalia mwanafunzi hoja ya namna hiyo. Lakini mwamuzi hapa hakuwa yeye.

Bi Amparo aliinua kichwa. Alivuta sahani, akavaa miwani. Alivishika kimoja kimoja kwa ncha za vidole, jinsi anavyoshika mbegu za maua ya petunia kabla ya kumlipa msambazaji. Alivipindua kuona mahali kiini kiliposhikana na ganda. Alivinusa. Akachukua kisu kilekile cha kukatia vipande nane, akavikata vyote kwa kina sawa, akaangalia ndani.

"Vitu vingi hufanana," alisema.

Mama aliendelea kutazama. Alisogeza sahani kwenye mwanga wa dirisha, kwa sababu taa aliiona ya njano. Akavichanganya kwa kidole, akajaribu kuvitenganisha tena, akasita. Aliweka kimoja kushoto. Akakirudisha kulia. Kisha akaivua miwani na kuikunja.

"Nililishwa kichaka changu mwenyewe," alisema. "Lete shali."

Katika hospitali ndogo ya mji, upande wa dharura, walipokelewa na daktari mwanamke, kijana, nywele amezibana kwa kalamu. Muuguzi alimlaza Bi Amparo, akambandika nyaya kifuani, na mashine ikaanza kuchora mstari wa kijani. Mstari ulipanda, ukashuka, ukalala bapa kwa muda ambao kila mtu chumbani aliuona, ukapanda tena. Daktari aliutazama bila kubadilisha uso, akavuta kiti karibu.

"Mama, una dawa yoyote unayotumia?"

"Ya presha. Nusu kidonge asubuhi."

"Nyingine?"

"Hakuna."

Nereida alimwangalia mama yake na kuona kwamba hadanganyi. Karatasi ilisema si dawa. Muuzaji alisema ni chakula. Kwake ilikuwa kama tortilla, ambayo nayo asingeitaja kama dawa. Nereida alitoa kimfuko mkobani, akakiweka juu ya shuka, na pembeni yake kokwa moja zima lenye pembe tatu.

"Anakula hii, daktari. Tunadhani ni hii."

Daktari aliinua kokwa, akaliangalia, akaomba mkaa wa kunyonya sumu na simu kwa pumzi moja. Muuguzi alitoka haraka bila kukimbia.

"Umekula kiasi gani, mama? Mara ya mwisho lini?"

"Kipande kimoja. Sehemu ya nane. Asubuhi."

Daktari aliangalia mstari. Kisha akaangalia kimfuko, akarudi kwenye mstari.

"Kipande hicho hakilingani na hiki ninachokiona. Nisikilize. Sikuulizi ili nikugombeze. Ipo dawa ya kuikamata hii sumu, lakini iko hospitali chache, na mimi ndiye nitakayewaambia waandae kiasi gani. Nikikosea hesabu, dawa itapungua. Umekula kiasi gani?"

Bi Amparo alitazama dari. Vidole vyake vilikuwa vimeshika pindo la shuka na kulikunja, vikalikunjua, vikalikunja.

"Nereida," alisema, "toka nje kidogo."

Nereida alitoka nje ya pazia, akasimama palepale. Hakwenda mbali, na mama yake bila shaka alijua kwamba hakwenda mbali. Kulikuwa na harufu ya klorini. Mtoto alilia mahali fulani akanyamazishwa. Upande wa pili wa pazia aliisikia mashine ikisita na kuendelea.

"Nzima," ilisema sauti ya mama yake. "Leo alfajiri. Jana nusu. Jumatatu napimwa uzito, daktari. Nilikuwa nimebakiza kidogo tu."

"Nzima moja?"

"Moja. Na ile nusu."

"Asante, mama. Asante sana."

Daktari alitoka akiwa na simu sikioni, anataja umri, kiasi kilicholiwa, saa. Alimwambia Nereida, mkono ukiwa juu ya simu, kwamba gari la wagonjwa litampeleka Puebla, kwamba hospitali ya huko inatafuta dawa na bado haijathibitisha kama ipo ya kutosha, na kwamba saa hizi chache ndizo za kuogopa. Hakusema atapona. Nereida alimshukuru kimoyomoyo kwa kutosema.

Alikumbuka neno la Chona: jioni. Dirishani jua lilikuwa limeshateremka hadi kwenye paa la jengo la pili. Alipiga simu.

"Mama Chona, umeshakula ile njugu?"

"Ndiyo kwanza nimeikata. Nimeiweka kwenye kijiko, juisi nimeshakamua. Vipi mama yako, kanywa mchuzi?"

"Usiile. Tuko hospitali. Ni sumu, mama Chona, ni mbegu ya kiwiko cha mtawa."

"Nani kasema?"

"Daktari."

"Yupi, wa hapo dharura? Si wale watoto wanaokuja kujifunzia kwetu?"

"Na serikali ilishatoa onyo."

"Serikali." Chona alilitaja neno hilo kama mtu anayemtaja mkwe wake. "Mwalimu, sikiliza. Mama yako katapika, mmemkimbiza hospitali, sasa watambana kwa mavidonge. Si ndiyo yaleyale aliyosema yule mama kwenye sauti? Kila kitu kimekuja kama alivyosema. Mimi nimekonda. Nimesimama mbele yako umeniona. Wewe unanisomea kitu cha simu."

"Hata hiyo sauti ni kitu cha simu."

"Sauti ni ya mtu," Chona alisema.

Nereida alikuwa na ukweli wote mkononi, kwa mpangilio, na haukuwa na pa kuingilia. Katika simu alisikia kijiko kikigonga ukingo wa bilauri.

"Nipe hiyo," alisema Bi Amparo nyuma ya pazia.

Mdomo wake ulikuwa mweusi kwa mkaa aliokuwa amenyweshwa. Alinyoosha mkono wenye sindano, akapokea simu, akaiweka kwenye mto karibu na sikio kwa sababu hakuweza kuishika.

"Chona. Iweke chini."

"We Amparo, unaongeaje kama umelewa?"

"Iweke chini hiyo bilauri, nimeisikia. Leo nimekula nzima."

"Nzima? Kichaa wewe? Yule mama kasema kuongeza kidogo."

"Nilitaka goti. Sasa moyo unasimama, Chona. Hawajaniambia wao. Nausikia mwenyewe. Unasimama, nangoja, halafu unaanza. Kila ukisimama nadhani ndiyo basi." Alipumzika. "Ni kichaka chetu. Kile cha kwenye tangi. Tumepasua kokwa, nimekata kiini kwa kisu changu, nimeshindwa kutofautisha. Mimi. Nimeshindwa."

Upande wa pili bomba lilifunguliwa, maji yakamwagika kwenye sinki, yakaendelea kumwagika.

"Niliyekuletea ni mimi," Chona alisema.

"Ndiyo. Na jana umekula kipande. Njoo wakupime."

"Banda sijafunga."

"Liache."

"Nina wateja wawili hapa, Amparo, mmoja kabeba miche mkononi."

"Chona."

"Basi, basi. Navaa viatu."

"Vaa. Mimi sikati simu."

Muuguzi alifungua pazia akasema gari liko tayari, na wahudumu wawili wakaingia na machela. Bi Amparo aliwainulia kiganja chake, mara moja tu, na wakasimama. Macho aliyafumba. Kwenye mto, ndani ya simu, Chona alikuwa akimwambia mtu arudi kesho, akitafuta ufunguo, akiutukana. Mashine ilipandisha mstari, ikaushusha, ikaulaza. Nereida alisimama kati ya kitanda na machela, akiwa ameshikilia shali, akingoja mstari upande tena na akingoja kumsikia Chona akifunga geti la banda kwa mnyororo, na hakuthubutu kuomba kimoja kitangulie kingine.